Ndani ya spika: jinsi wahandisi wanavyoutazama uga wa sumaku usioonekana

Spika mbili za inchi nane ziko juu ya meza ya muuzaji sokoni Katoro. Ya kwanza ina sumaku nene mgongoni na kibandiko cha wati 500. Ya pili sumaku yake ni ndogo, kibandiko kinasema wati 60, na bei yake iko juu. Mnunuzi ametumwa na kwaya, au na kikundi cha ngoma, au na kamati ya msikiti, na fedha alizoshika ni za michango ya watu. Mara nyingi atazinyanyua moja moja, atazipima kwa mkono, kisha atachukua ile nzito.

Uzito huo humdanganya mara nyingi kuliko anavyodhani. Kinachofanya spika isikike kwa nguvu na kwa usafi kimo ndani ya pengo jembamba, la milimita moja au mbili tu, ambalo mnunuzi halioni na hata muuzaji halioni. Wahandisi nao hawawezi kuingiza jicho humo. Wanachofanya ni kuichora spika kwenye kompyuta, kuikatakata mchoro huo vipande vidogo maelfu kwa maelfu, na kuiachia kompyuta ihesabu nguvu ya sumaku katika kila kipande. Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo inafanywaje na ina faida gani kwako wewe unayenunua spika, unayeitengeneza, au unayesikiliza redio tu.

Kinachosukuma karatasi

Ukifungua spika iliyokufa, na nyumba nyingi hazikosi moja, utakuta nyuma ya ile karatasi kuna kijibomba chepesi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ndiyo koili. Inaning'inia ndani ya mfereji wa mviringo. Upande wa ndani wa mfereji kuna nguzo ya chuma, upande wa nje kuna bamba la chuma lenye tundu katikati, na nyuma ya bamba hilo ndipo ilipo sumaku, kama bangili nene. Koili haitakiwi kugusa kitu chochote kati ya hivyo.

Watu wengi hudhani sumaku inaivuta koili moja kwa moja. Sivyo. Sumaku hutoa uga, yaani ile nguvu isiyoonekana inayoizunguka, na chuma huuchukua uga huo na kuupeleka kwenye pengo, kama mfereji unavyopeleka maji shambani. Koili ipo hapo hapo pengoni. Umeme kutoka kwenye amplifaya unapopita katika waya ulio ndani ya uga, waya husukumwa. Umeme ukigeuza mwelekeo, waya husukumwa upande wa pili. Karatasi imegundishwa kwenye koili, hivyo huenda mbele na kurudi nyuma, ikisukuma hewa. Mdundo mzito wa ngoma hugeuza umeme huo mara 50 hadi 100 kwa sekunde. Sauti ya filimbi huugeuza mara elfu na zaidi.

Hesabu yake ni fupi. Nguvu ya msukumo ni uga mara urefu wa waya uliomo pengoni mara mkondo wa umeme. Tuseme koili ina upana wa milimita 38 na waya umezunguka mara 67, basi una urefu wa karibu mita 8. Uga wa pengo katika spika nzuri hukaribia tesla 1. Mkondo ukiwa ampea 2, msukumo ni nyutoni 16, sawa na uzito wa kitu cha kilo moja na nusu hivi kikikandamiza karatasi. Kwa ulinganisho, uga wa dunia unaogeuza sindano ya dira ni mdogo mara elfu thelathini hivi kuliko ule wa pengo la spika.

Kwa hiyo namba mbili ndizo zinazobeba kazi yote: nguvu ya uga pengoni, na urefu wa waya ulioingia humo. Uzito wa sumaku haumo katika hesabu hiyo. Unasaidia tu iwapo uga wake unafika pengoni, na sehemu kubwa inaweza isifike.

Majaruba ya kompyuta

Shida ni kwamba uga haufuati njia moja. Mwingine hupita kwenye chuma, mwingine huvuja pembeni, mwingine hurukia hewani na kurudi nyuma ya sumaku bila kugusa koili. Sheria za uga huo zinajulikana tangu miaka ya 1860, James Clerk Maxwell alipoziandika. Lakini kuzijua sheria ni jambo moja, na kuzitumia kwenye umbo lenye kona, matundu na vyuma vya aina tofauti ni jambo jingine. Spika yenye koili na karatasi kama tunayoijua leo ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925. Kwa miaka mingi baada ya hapo mafundi walikadiria uvujaji kwa penseli na uzoefu, wakatengeneza, wakapima, wakatengeneza tena.

Njia iliyobadilisha mambo haikuanzia kwenye spika. Mwanahisabati Richard Courant alionyesha wazo lake mwaka 1943. Katika miaka ya 1950 wahandisi wa ndege walilitumia kujua bawa litapinda kiasi gani, na mwaka 1960 Ray Clough akalipa jina ambalo wahandisi wanalitumia mpaka leo, fainaiti elementi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Peter Silvester, akiwa Montreal, Kanada, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiingiza katika mambo ya umeme na sumaku.

Wazo lenyewe mkulima wa mpunga wa Shinyanga au Kahama hatalishangaa. Mbuga kubwa yenye mwinuko hapa na bonde pale huwezi kuimwagilia kama kitu kimoja. Unaigawa majaruba. Ndani ya jaruba moja maji yametulia, kina chake unakijua kwa kutazama tu. Tena kina cha jaruba moja hakijitegemei. Kinategemea majirani zake, maana maji hupita kwenye matuta kutoka moja hadi jingine. Ukijua maji yanaingia wapi na yanatoka wapi, na ukijua kila tuta linapitisha kiasi gani, unaweza kukokotoa kina cha kila jaruba mbugani. Hakuna jaruba linaloweza kuwa na jibu lake peke yake. Yote hukubaliana kwa pamoja au hayakubaliani kabisa.

Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Mchoro wa spika hugawanywa pembetatu ndogo. Katika kila pembetatu uga huchukuliwa kuwa rahisi, karibu sawasawa. Kila kona ya pembetatu huandikiwa mlinganyo unaosema jinsi inavyohusiana na kona jirani. Sumaku ndiyo chemchemi. Chuma ni mfereji mpana, hewa ni tuta gumu. Kompyuta hutatua milinganyo yote kwa mkupuo mmoja, na kwa spika ya kawaida milinganyo hiyo huwa elfu kadhaa hadi makumi ya maelfu.

Umbo la spika lina bahati yake: ni la mviringo. Ukiipasua katikati kama chungwa, kila upande unafanana na mwingine. Kwa hiyo mhandisi huchora nusu tu ya mpasuo huo, kompyuta ikaizungusha yenyewe katika hesabu. Kazi ambayo ingechukua masaa huisha kwa sekunde chache kwenye kompyuta ndogo ya mapajani.

Ujuzi unaonekana mahali pa kuweka pembetatu ndogo. Mkulima haweki majaruba madogo kwenye tambarare. Huyaweka pale ardhi inapobadilika ghafla. Mhandisi naye huacha pembetatu kubwa nje hewani, na ndani ya pengo huzibana hadi ziwe ndogo kuliko unene wa waya. Akizembea hapo, kompyuta bado itampa jibu lenye rangi nzuri, na jibu hilo litakuwa la uongo. Sisi tunadhani hili ndilo jambo gumu zaidi kumfundisha anayeanza: picha ya kompyuta haikuonyi inapokosea.

Chuma kikishiba

Matokeo huja kama picha yenye mistari na rangi. Mahali mistari imesongamana, uga ni mkali. Ukitazama picha ya spika ya bei rahisi yenye sumaku kubwa, jambo la kwanza utakaloliona ni mistari mingi iliyotawanyika nje, mbali na koili. Jambo la pili ni nguzo ya katikati, iliyokolea rangi kuliko kila mahali.

Nguzo hiyo imeshiba. Chuma cha kawaida hubeba uga hadi karibu tesla 2, baada ya hapo hakikubali zaidi, kama mfereji uliojaa mpaka ukingoni. Maji ya ziada humwagika pembeni. Mtengenezaji aliyetumia chuma chembamba ili kupunguza gharama, kisha akabandika sumaku kubwa ili kuvutia macho, amejaza mfereji mdogo kwa pampu kubwa. Ukiongeza sumaku mara mbili kwenye spika ya namna hiyo, uga wa pengoni huongezeka kidogo tu. Unene wa nguzo na bamba ungesaidia zaidi, lakini hiyo haionekani mezani sokoni.

Kuna pia spika zenye sumaku mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo, na wauzaji huzisifu kwa hilo. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za zamani zenye kioo cha mgongo mrefu. Sumaku ya pili iligeuzwa kinyume, pamoja na kifuniko cha chuma, ili kuzuia uga usivujie kwenye kioo na kuharibu rangi za picha. Kwa sauti inaongeza kidogo tu.

Kitu cha tatu kinachoonekana kwenye kompyuta ni kinachotokea koili inapotembea. Mhandisi huisogeza koili kwenye mchoro, milimita moja mbele, mbili, tano, kisha nyuma vivyo hivyo, na kila mara anahesabu msukumo upya. Koili ikitoka nusu nje ya pengo, waya uliobaki ndani ni mfupi, na msukumo hupungua. Hapo ndipo besi huanza kukwaruza na maneno ya mhubiri kufunikwa na mngurumo. Spika nzuri ina msukumo usiobadilika kwa milimita kadhaa kila upande. Mbaya huanza kupoteza nguvu mara tu karatasi inapotikisika kwa nguvu, na huwa inaegemea upande mmoja kuliko mwingine.

Kwa nini mtafuta dhahabu angeelewa haraka

Mpaka hapa tumezungumzia uga uliotulia. Muziki hautulii, na hapa ndipo wasikilizaji wetu wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo wana faida, kwa sababu wameona ditekta ikifanya kazi.

Ditekta ya kutafutia dhahabu ina koili kubwa ile inayopitishwa juu ya ardhi. Koili hiyo hupewa umeme unaobadilika ghafla, na uga wake hubadilika nao. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba uga unaobadilika huzaa umeme katika chuma au metali yoyote iliyo karibu. Ndani ya punje ya dhahabu iliyofukiwa huzuka vimkondo vidogo vinavyojizungusha, navyo hutoa uga wao. Mashine huusikia uga huo na kulia masikioni mwa mpigaji. Dhahabu haivutwi na sumaku hata kidogo, lakini hupitisha umeme vizuri, na hiyo inatosha. Msumari nao hujibu, na kifuniko cha soda pia, ndiyo maana mashimo mengi huchimbwa bure.

Ndani ya spika mambo ni yale yale, isipokuwa hayatakiwi. Koili ya spika nayo hupewa umeme unaobadilika, na nguzo ya chuma imesimama katikati yake. Vimkondo huzuka kwenye uso wa nguzo, hula sehemu ya nguvu na kuigeuza joto, na uga wao husukumana na ule wa sumaku. Sauti nyembamba hufifia, na sauti mbili zikipigwa pamoja huchafuana: besi ikisogeza koili, sauti ya mwimbaji nayo hubadilika.

Kwa mitetemo 1000 kwa sekunde, vimkondo hivyo huingia ndani ya chuma cha kawaida kwa kina cha robo milimita tu hivi. Kwa hiyo mhandisi anayehesabu muziki, si uga uliotulia tu, lazima aweke pembetatu nyembamba kuliko hapo kwenye ngozi ya nguzo. Asipofanya hivyo, kompyuta haitaviona vimkondo kabisa.

Dawa iliyopatikana inashangaza kidogo: kuongeza metali nyingine. Kofia nyembamba ya shaba huvishwa juu ya nguzo, au pete ya alumini huwekwa chini yake. Vimkondo hupita kwenye shaba kwa urahisi kuliko kwenye chuma, na vikiwa huko hufanya kazi yenye faida, vinauzuia uga usiyumbe. Sauti za juu husafika. Lakini kofia ya shaba ina unene, na unene huo unalipanua pengo, na pengo likipanuka uga hudhoofu. Robo milimita au nusu milimita? Zamani swali hilo lilijibiwa kwa kutengeneza spika nzima mara kadhaa. Sasa mhandisi hubadilisha namba moja kwenye mchoro, akasubiri sekunde chache, akabadilisha tena.

Wati za kibandiko

Joto ndilo adui mkubwa wa koili, na hapa tunaomba uvumilie namba chache, kwa sababu ndizo zinazookoa fedha.

Spika ya kawaida ya karatasi hugeuza kuwa sauti kiasi cha asilimia 1 tu ya umeme inaoupokea, wakati mwingine zaidi kidogo. Ukiilisha wati 100, wati 99 hivi huishia kuwa joto kwenye waya mwembamba kama uzi. Spika za honi, zile zinazopandishwa juu ya misikiti na kwenye magari ya matangazo, hugeuza sehemu kubwa zaidi kwa sababu umbo la honi huishika hewa vizuri, na ndiyo maana sauti ya wati chache husikika kijiji kizima.

Shaba ikipata joto hukataa umeme zaidi. Koili yenye ukinzani wa omu 6 katika nyuzi 20 hufika karibu omu 10 ikiwa katika nyuzi 200. Amplifaya ile ile sasa inapitisha mkondo mdogo, na sauti inapungua kadiri usiku unavyoendelea. Mpiga muziki akisikia imepungua huongeza. Koili hupata joto zaidi. Gundi huanza kulegea, waya unavimba na kugusa nguzo, na harufu ile ya kuungua husikika ukumbini. Sumaku ndogo za neodimiamu, kama zile zilizomo kwenye simu yako na hedifoni, nazo zina udhaifu wake: za kawaida huanza kupoteza nguvu kwa kudumu zikivuka nyuzi 80 hivi. Simu iliyoachwa juani kwenye dashibodi ya gari haiko mbali sana na hapo. (Madini ya aina hiyo yamo pia katika ardhi yetu, huko Ngualla mkoani Songwe.)

Sasa turudi kwenye kibandiko. Redio ya gari au ya sola inayotumia betri ya volti 12, isipokuwa na saketi ya kupandisha volti, haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 hivi safi kwa kila spika ya omu 4, na betri ikiwa inachajiwa wakati huo zitafika 25. Hakuna kibandiko kinachobadilisha hilo. Wati 1000 kutoka kwenye volti 12 zingehitaji mkondo wa zaidi ya ampea 83, ambao ungeyeyusha nyaya nyembamba zilizofungwa humo. Betri ya sola inaposhuka usiku hali huwa mbaya zaidi: amplifaya hukata vilele vya sauti, sauti inakuwa ya kukwaruza, na umeme wa namna hiyo huichoma koili haraka kuliko muziki safi wa kiwango hicho hicho.

Namba yenye maana zaidi kuliko wati huandikwa kwa desibeli, kwa wati 1 umbali wa mita 1. Huonyesha spika inatoa sauti kiasi gani kwa umeme kidogo, na hutokana kwa sehemu kubwa na ule uga wa pengoni. Spika ya desibeli 93 iliyopewa wati 60 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 240. Tena sikio letu halihesabu kama kalukuleta: ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, umeme unahitaji kuongezwa karibu mara kumi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu nchini vilikaa kuzunguka redio moja na kufuata vipindi hadi mwisho. Redio ya betri ya namna hiyo haihitaji hata wati tano ili duara zima lisikie.

Mchanga mweusi na mkono wa fundi

Katika ukanda wa dhahabu kuna hatari ambayo programu ya kompyuta haiijui usipoiambia. Mchanga mweusi unaobaki kwenye karai baada ya kuosha una chembe za chuma. Wachimbaji wadogo katika nchi nyingi huutenganisha na dhahabu kwa sumaku, na sumaku ya spika iliyokufa inafaa sana kwa kazi hiyo. Ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki, ili ukiutoa mfuko mchanga uanguke wenyewe. Lakini spika nzima iliyo karibu na karasha au mwalo huuvuta mchanga ule ule. Uga mkali kuliko wote uko pengoni, basi chembe huenda huko huko. Zikishaingia, koili hujikwaruza juu yake kila mdundo mpaka waya unakatika. Kupuliza hakusaidii, maana sumaku inazishika. Fundi makini huzitoa kwa selotepu iliyokunjwa, upande wa gundi ukiwa nje, akiupitisha taratibu ndani ya pengo karatasi ikiwa imeshatolewa.

Fundi anayezungusha koili upya ana mikononi mwake namba zile mbili za mwanzo. Akiweka waya mnene wenye mizunguko michache, ukinzani unashuka, na amplifaya iliyozoea omu 8 inaweza kuungua. Akiweka waya mwembamba wenye mizunguko mingi, ukinzani unapanda na umeme unapungua. Akizidisha unene wa gundi, koili inagusa ukuta wa pengo. Njia salama ni kuhesabu mizunguko ya koili ya zamani kabla ya kuitupa, kupima unene wa waya wake, na kurudisha vile vile. Na bamba la chuma likishatoka, kulirudisha katikati ya nguzo kunahitaji vipande vya plastiki au karatasi ngumu vya unene sawa vikizunguka nguzo yote mpaka gundi ikauke. Pengo likiwa la milimita moja upande huu na nusu milimita upande ule, uga nao hautakuwa sawa, na koili itavutwa kwenda kombo.

Mnunuzi asiye na kifaa chochote anaweza kupima mawili matatu pale pale mezani. Bonyeza karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ukisikia mkwaruzo, iache. Gusisha betri moja ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa kufumba na kufumbua, karatasi iruke na kurudi. Ukizigusisha betri ile ile spika mbili za ukubwa mmoja na omu zile zile, ile inayoruka kwa nguvu zaidi huenda ndiyo yenye msukumo mkubwa, ingawa ugumu wa karatasi nao huchangia, kwa hiyo usiufanye kuwa hukumu ya mwisho. Mwenye mita apime ukinzani: spika iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ikisoma 3, kibandiko hakisemi kweli. Isiposoma chochote, waya umekatika.

Anayetaka kujaribu mwenyewe

Programu za kuchanganua sumaku kwa vipande zinazotumiwa na viwanda vikubwa huuzwa kwa bei kali. Ipo moja ya bure, inaitwa FEMM, iliyoandikwa na Mmarekani David Meeker. Inahitaji kompyuta yenye Windows, hata ya zamani. Kwenye simu haifanyi kazi. Inashughulika na maumbo bapa na ya mviringo, na spika ni ya mviringo, kwa hiyo inatosha. Ndani yake kuna orodha ya vyuma na sumaku za aina mbalimbali ambazo tabia zake zimeshaandikwa.

Mwanafunzi wa VETA Shinyanga au wa sekondari yenye maabara ya kompyuta anaweza kuanza na spika iliyokufa. Aifungue, apime kwa rula na kalipa kila unene: sumaku, bamba, nguzo, pengo. Achore nusu ya mpasuo, achague feraiti kwa sumaku na chuma laini kwa vingine, kisha aiambie programu ihesabu. Jibu la pengoni likija tesla 0.6 kwa spika aliyoambiwa ni ya wati 500, ajaribu kuongeza unene wa bamba milimita mbili aone kinachobadilika, halafu aurudishe ule wa awali na kuongeza sumaku.

Tofauti kati ya mchoro na spika halisi itabaki, na sababu yake kubwa ni chuma. Programu inadhani chuma ni kile kilichoandikwa kwenye orodha; kiwanda huenda kilitumia kingine. Ndiyo maana hata kampuni kubwa, baada ya hesabu zote, hutengeneza spika chache kwanza, huzipeleka kwenye chumba cha vipimo, na kurekebisha mchoro kwa kile walichokipima kabla ya kuagiza elfu kumi.